Kodi ya Miezi Sita, Mshahara wa Mwezi Mmoja

Mfanyakazi wa kawaida anayetafuta chumba Dar es Salaam hukutana kwanza na dalali, kisha na mwenye nyumba, na wote wawili humuuliza jambo lile lile: ana kodi ya miezi mingapi mkononi? Bei ya chumba hutajwa kwa mwezi, lakini hailipwi kwa mwezi. Katika mitaa mingi ya jiji hilo desturi ni kulipa miezi 6 kwa mkupuo, na zipo nyumba ambazo mpangaji hudaiwa ya mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha chumba. Kumudu nyumba, kwa hiyo, hutegemea namna fedha zinavyodaiwa, na mara nyingi namna hiyo huumiza kuliko kiasi chenyewe.

Hesabu ya mfano inalionyesha hilo. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Katika sekta binafsi, viwango vya kazi nyingi viko chini ya hapo. Wataalamu wa makazi wamezoea kipimo kwamba kaya isitumie zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa nyumba, na kwa mshahara wa 500,000 hiyo ni 150,000 kwa mwezi. Chumba cha shilingi 80,000 kinaingia vizuri ndani ya kipimo hicho; kwenye karatasi, mfanyakazi huyu hana shida. Lakini siku ya kuhamia atatoa 480,000 za miezi 6 na 80,000 za dalali, jumla 560,000. Hizo zinazidi mshahara wake wote wa mwezi kabla haujakatwa pensheni, bima ya afya na kodi ya mapato. Kwa mlinzi, mfanyakazi wa ndani au kijana wa dukani anayelipwa nusu ya mshahara huo, chumba hicho hicho kinadai mishahara ya zaidi ya miezi miwili isiyoguswa hata kwa unga.

Fedha za namna hiyo hazitoki kwenye mshahara. Hutoka kwenye upatu wa wafanyakazi wenzake, kwenye kikoba cha mke, kwa kaka aliyeko mkoani, au kwenye mkopo wa simu unaorudishwa kwa ada kubwa ndani ya wiki chache. Mwezi wa tano ukiingia, kazi ya kutafuta huanza upya. Asiyefanikiwa hurudi nyuma hatua moja: kutoka chumba na sebule kwenda chumba kimoja, kutoka chumba chenye choo ndani kwenda cha kuchangia choo uani, au kutoka mtaa ulio karibu na kazi kwenda mwisho wa njia ya daladala. Watoto hubadilishiwa shule katikati ya mwaka. Wapo wanaolala wanne katika chumba kimoja kwa sababu hakuna kati yao anayeweza peke yake kukusanya kodi ya miezi 6, ingawa kila mmoja angeweza kulipa ya mwezi mmoja.

Ni rahisi kumlaumu mwenye nyumba, lakini hali yake inastahili kuangaliwa kwa haki. Sehemu kubwa ya vyumba vya kupanga Dar es Salaam haimilikiwi na makampuni. Wamiliki ni mstaafu, mjane, fundi au mfanyabiashara mdogo aliyejenga vyumba vichache kando ya chumba chake mwenyewe, kwa miaka mingi, bila mkopo wa benki. Kodi ya mkupuo ndiyo benki yake: humpa bati za chumba kinachofuata, ada ya shule, au gharama ya matibabu. Pia humkinga na mpangaji asiyelipa, kwa kuwa kumtoa mtu kwa njia ya baraza la ardhi na nyumba la wilaya huchukua muda na fedha. Mwenye nyumba na mpangaji wote wawili wanaishi mjini bila chombo cha kuwakopesha kwa masharti nafuu, na yule mwenye ufunguo ndiye anayefanikiwa kumhamishia mwenzake mzigo.

Sheria ingeweza kuugawa mzigo huo vizuri zaidi. Tanzania iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya upandishaji kodi na masharti ya kumfukuza mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005, kwa hoja kwamba udhibiti ulikuwa unawakatisha tamaa wawekezaji. Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba umebaki kuwa suala la mkataba kati yao, na katika nyumba nyingi mkataba wenyewe ni karatasi moja iliyonunuliwa dukani, au maneno tu mbele ya mjumbe. Kutaka kodi ilipwe mwezi kwa mwezi kumesemwa mara nyingi hadharani, lakini kusema hakujawa sheria inayomlinda mtu mlangoni.

Nyumba ambayo wafanyakazi wengi wa pwani wameishi ni ile ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma wenye jiko, bafu na choo. Ilijengwa kwa ajili ya familia na wapangaji pamoja, na chumba kimoja kilitosha kaya moja. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikua kwa nyumba hizo. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi, Wazungu wakiishi pwani penye upepo, Wahindi katikati na Waafrika nyuma yao, na haikuona kuwa ni jukumu lake kubwa kumjengea kibarua. Ilijenga makazi machache yaliyoitwa kota baada ya Vita Kuu ya Pili. Wengine wote walijipangia vyumba kwa Waafrika wenzao, na tangu enzi hizo soko la chumba cha mfanyakazi limeendeshwa na watu wa kawaida.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuingia sokoni yenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likabomoa vibanda katika baadhi ya mitaa ya jiji na kujenga nyumba za gharama nafuu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 majengo hayo yakaunganishwa na shirika. Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973 ili kukopesha wajenzi wadogo. Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 ulipima maeneo kama Sinza na Kijitonyama, ukaweka barabara na maji, kisha ukamwachia mwananchi ajenge. Katika yote yaliyojaribiwa, huu wa viwanja ndio uliofika mbali, kwa sababu uliendana na jinsi watu wanavyojenga. Nyumba za shirika hazikuwahi kutosha. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995 ikiwa imelemewa na madeni yasiyolipika, na kwa zaidi ya muongo mmoja mfanyakazi wa Tanzania hakuwa na mahali maalumu pa kukopa kwa ajili ya kununua nyumba.

Mlango huo ulifunguliwa tena mwaka 2008, zilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba na sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo, iliyowezesha mtu kumiliki ghorofa moja bila kumiliki jengo zima. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi kwa miaka mingi. Hatua hizo zilikuwa za lazima, kwa kuwa benki inayoishi kwa amana ambazo wateja wanaweza kuzitoa kesho haiwezi kumkopesha mtu kwa miaka 20 bila kuhatarisha fedha za wengine. Lakini riba zimebaki juu. Kwa miaka mingi mikopo ya nyumba imetozwa kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na wakopaji wa nchi nzima, yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, wamebaki maelfu machache.

Sababu inaonekana mtu akipiga hesabu. Chukua nyumba ndogo ya vyumba viwili, na mkopo wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15, kulipwa kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni karibu shilingi 527,000. Mwezi wa kwanza, 500,000 kati ya hizo ni riba tupu, na deni lenyewe hupungua kwa takriban 27,000 tu. Kwa hiyo riba ya mwezi mmoja inameza mshahara mzima wa kima cha chini cha utumishi wa umma. Mwisho wa miaka 20, mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya milioni 126 kwa nyumba aliyoikopea milioni 40. Kama riba ingekuwa asilimia 7, rejesho lingeshuka hadi karibu 310,000. Nafuu kubwa, lakini bado nje ya uwezo wa anayelipwa 500,000, ambaye sheria za makato zinataka abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake. Riba peke yake haitamwokoa. Bei ya nyumba nayo ni lazima ishuke, na bei hiyo imebebwa na ardhi, saruji, nondo, na barabara na maji ambayo mjenzi hulazimika kuyavuta mwenyewe pale mji usipoyafikisha.

Tena, hesabu hiyo inamhusu mwenye hati ya mshahara. Mama lishe, dereva wa bodaboda, fundi seremala na mchuuzi wa Kariakoo wanaweza kuingiza kwa mwezi sawa na karani wa ofisini, au zaidi, lakini hawana karatasi ya kuionyesha benki. Nyumba wanazoweza kununua nazo mara nyingi hazina hati miliki, kwa sababu sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kwenye ardhi isiyopimwa. Leseni za makazi zilizoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000, na zoezi la urasimishaji lililofuata, zimewapa wengi karatasi ya kwanza ya umiliki. Ni hatua ya kweli, hasa kwa mjane anayetishiwa na ndugu wa marehemu. Kama dhamana ya mkopo wa miaka 20, hata hivyo, benki huitazama leseni ya muda mfupi kwa mashaka.

Kwa hiyo mfanyakazi hujenga. Nyumba nyingi za Tanzania hazikununuliwa zikiwa zimekamilika, wala hazikujengwa kwa mkopo wa nyumba. Zilijengwa kidogo kidogo kwa fedha taslimu. Kwanza kiwanja, labda hatua 20 kwa 20 huko Chanika, Kivule au Mbande, kilichonunuliwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili. Kisha safari za mchanga na kokoto, na matofali yanayofyatuliwa pale pale na kupangwa chini ya mwembe. Mwaka unaofuata msingi, ili jirani asisogeze mpaka na tapeli asikiuze kiwanja mara ya pili. Kuta hupanda bonasi ikitoka au kikoba kikivunjwa, hadi kwenye lenta, na hapo nyumba husimama kwa miaka ikiitwa pagale. Kupaua ndiyo hatua inayoogopwa, maana mbao na bati hazinunuliwi nusu nusu. Chumba kimoja kikishaezekwa na kuwekewa mlango, familia huhamia. Madirisha yamezibwa kwa matofali, sakafu ni vumbi, umeme haujafika, lakini kodi imekoma.

Njia hii ina busara ambayo vitabu vya uchumi wa nyumba huichukulia kirahisi mno. Kila tofali ni akiba ambayo ndugu hawezi kuikopa na mfumuko wa bei hauli. Hakuna riba, hakuna mnada. Ujenzi hufuata mshahara: mwezi mbaya hausababishi mtu kufukuzwa, unasimamisha tu kazi ya fundi. Wafanyakazi wengi wenye ajira rasmi huchukua mkopo wa kawaida wa mshahara wa miaka michache, wanapaua, wanalipa, kisha wanachukua mwingine wa kuweka sakafu. Takwimu za mikopo ya nyumba haziuoni ujenzi huo wote, ingawa ndio uliowapa makazi watu wa Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara.

Gharama yake hulipwa kwa njia nyingine. Saruji inayonunuliwa mifuko mitatu mitatu ni ghali kuliko ya jumla, na kuta zilizoachwa wazi kwa masika mawili huliwa na mvua. Wakati wote wa ujenzi familia inaendelea kulipa kodi ya chumba kule mjini, hivyo nyumba mbili hulelewa na mshahara mmoja. Na kiwanja anachokimudu mfanyakazi kiko mbali, au kiko mahali pabaya. Bonde la Msimbazi lilijaa watu kwa sababu lilikuwa karibu na kazi na ardhi yake ilikuwa rahisi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba, na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara na Mbezi zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Aliyejenga kwa miaka 15 hapotezi nyumba tu siku hiyo. Anapoteza akiba yake yote, kwa sababu hakuwahi kuweka nyingine.

Umbali una bei inayoweza kuhesabiwa. Mtu anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya shilingi 600 kila moja, hutumia 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni 62,400, kiasi kinachokaribia kodi ya chumba. Mwenye nyumba yake Chanika bado anaulipa mji kila siku ili umruhusu kuingia, na hulipa pia kwa saa tatu au nne za foleni. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalifupisha safari hiyo kwa waishio kando ya njia, lakini barabara nzuri hupandisha thamani ya ardhi iliyo jirani nayo, na mpangaji wa Kimara aliyefurahia basi jipya anaweza kujikuta akisukumwa na kodi kwenda mbele zaidi ya kituo cha mwisho.

Nairobi inafaa kutazamwa kando ya Dar es Salaam, kwa sababu huko tatizo ni lile lile lakini fedha hudaiwa tofauti. Wengi mno wa wakazi wake ni wapangaji. Kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja au miwili mwanzoni, na msimamizi wa ploti hupita mlango kwa mlango tarehe za mwanzo wa mwezi. Mpangaji wa Pipeline au Mathare hahitaji kukusanya miezi 6; anahitaji kutochelewa siku 6. Mlango kufungwa kwa kufuli la mwenye nyumba ni jambo la kawaida. Sheria ya kudhibiti kodi ya Kenya ipo bado, lakini inazilinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na wakati zamani sana. Ardhi ya Nairobi ni ghali na iko mikononi mwa wachache, ndiyo maana mfanyakazi wake huishi kwenye ghorofa za vyumba vilivyobanana au vibanda vya mabati, na ndoto ya kujenga huipeleka kijijini kwao.

Serikali ya Kenya imechagua kulibeba jambo hili kwa makato. Tangu mwaka 2023 kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliyatangaza makato hayo kuwa kinyume cha katiba mnamo Novemba 2023, na Bunge likatunga sheria mpya iliyotiwa saini Machi 2024. Mwaka 2025 nyumba za kwanza za mradi wa Mukuru zilikabidhiwa kwa wenyewe, chumba kimoja kikilipiwa kuanzia shilingi 3,900 kwa mwezi hadi kiwe mali ya mlipaji. Kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kilichoanza Novemba 2024 ni takriban shilingi 16,100, kwa hiyo malipo hayo ni karibu robo ya mshahara. Hapo mfumo umekubali kumfuata mfanyakazi: malipo madogo, ya kila mwezi, kwa miaka mingi. Udhaifu wake ni kwamba mamilioni wanakatwa sasa na nyumba zinazokamilika ni chache. Wengi watachangia miaka mingi wakiendelea kulipa kodi kwenye ploti zao.

Tanzania nayo imeanza kuigusa njia ya mpangaji mnunuzi, ambapo kodi hugeuka kuwa malipo ya kununua. Magomeni Kota, ambako kaya 644 ziliondolewa ili nyumba za zamani zivunjwe, wakazi walirudi mwaka 2022 kwenye maghorofa yaliyojengwa na serikali. Mfano mwingine ulitoka chini. Watu waliobomolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga kupitia vikundi vya akiba, wakanunua shamba la ekari 30 Chamazi na kujenga nyumba za hatua kwa hatua, wakiweka akiba kidogo kidogo na kufyatua matofali wenyewe. Ni idadi ndogo kwa jiji la watu zaidi ya milioni 5. Lakini walifanya jambo ambalo miradi mikubwa hushindwa: walinunua ardhi kwa pamoja, kwa bei ya shamba, kabla haijakatwa viwanja na kupita mikononi mwa madalali.

Kwa wengi, fedha kubwa ya kwanza na ya mwisho maishani ni mafao ya kustaafu. Ndiyo hupaua pagale lililosimama miaka 10, huweka madirisha ya vioo, huchimba kisima. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya ghadhabu iliyozuka mwaka 2018 kanuni za pensheni zilipopunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 ya mafao. Zilisitishwa mwezi Desemba mwaka huo. Kikokotoo cha asilimia 33 kilichoanza Julai 2022 kilipingwa pia, na mwaka 2024 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa wengine. Kwa wataalamu wa mifuko mjadala ulikuwa wa uhai wa fedha za pensheni, na hoja yao ilikuwa na uzito. Mwalimu aliyebakiza miaka miwili aliuona upande mwingine: mkupuo huo ulikuwa tayari umepigiwa hesabu ya mbao, bati na misumari, na pensheni ya kila mwezi, hata ikiongezeka, haipaui nyumba.